Barua mia tatu, nafasi moja: namna tunavyochuja waombaji wa kazi, na namna ya kupita

Mimi ni afisa rasilimali watu katika kampuni ya usambazaji jijini Dar es Salaam. Tunasambaza sabuni, mafuta ya kula, unga, biskuti, vitu vya dukani tu. Ghala letu liko upande wa Barabara ya Nyerere, na watu ninaowaajiri zaidi ni makarani wa ghala, madereva, wauzaji wa kuzunguka na makeshia. Mhasibu mara moja moja. Hizi si kazi za kupigiwa tarumbeta. Hata hivyo tukitangaza nafasi moja ya karani wa ghala, wiki haiishi kabla maombi hayajavuka mia tatu.

Kwenye vikao vya harusi, msibani, hata ndani ya daladala, swali ninaloulizwa ni lile lile: "Dada, kwani nyie huwa mnaangalia nini?" Jibu fupi haliwasaidii watu, ndiyo maana hapa naandika refu. Ninayoyasema yanahusu kampuni binafsi za ukubwa wetu, zenye wafanyakazi mia na kitu. Serikalini kuna utaratibu wake, nitaugusa mbele.

Anayekuchagua ana woga

Waombaji wengi huandika kana kwamba mwajiri ametulia kitini akimtafuta mtu hodari kuliko wote. Mimi kiti hicho sikijui. Ninachowaza ni katoni zitakazopungua mwisho wa mwezi. Karani mbovu hajulikani wiki ya kwanza. Anajulikana siku ya kuhesabu mzigo, pale leja inaposema katoni 840 na sakafuni zipo 790, na bosi anauliza swali ambalo kila mtu wa idara yangu analifahamu: "Huyu alipitishwa na nani?"

Sheria nayo inatuongezea tahadhari. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mtu akishatimiza miezi sita kazini huwezi kumwondoa kwa kuwa tu umemchoka. Uwe na sababu halali na ufuate utaratibu, la sivyo mtaonana CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sheria nzuri hiyo, hata mimi inanilinda. Lakini kwa sababu hiyo mwajiri humaliza wasiwasi wake wote kabla hajakupa kalamu usaini.

Kwa hiyo usianze kwa kujisifu. Anza kwa kujiuliza: anayesoma karatasi hii, au anayenitazama sasa hivi, anaogopa nini? Nimempa kitu gani cha kumtoa wasiwasi? Woga unabadilika kutoka hatua moja hadi nyingine, na wengi hukwama kwa sababu wanajibu woga wa hatua ambayo bado hawajaifikia.

Mchujo wa makaratasi

Barua mia tatu hazisomwi, zinachambuliwa. Nafungua jedwali la Excel lenye safu chache: elimu tuliyoitaja kwenye tangazo, kama mtu amewahi kugusa kazi ya ghala, anakaa wapi, namba ya simu, viambatisho. Kila mwombaji anapata dakika moja, pengine pungufu. Kwa wakati huo natafuta sababu ya kukutoa, maana kutoka mia tatu kufika kumi na tano sijaona njia nyingine.

Wanaotoka kwa elimu ndogo ni wachache kuliko unavyodhani. Wengi wanatoka kwa kutolisoma tangazo. Tumeandika: tuma barua, CV na nakala za vyeti katika faili moja la PDF. Mtu anatuma picha kumi na moja alizopiga kwa simu, na kwenye cheti cha kidato cha nne kimelala kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Mwingine faili lake linaitwa "CV mpya ya mwisho kabisa 2". Mwingine barua yake ameiandikia kampuni nyingine, tena washindani wetu, akasahau kubadilisha. Mimi hucheka. Meneja wa ghala hacheki. Barua kama hiyo akiiona husema, "Huyu atapakia mzigo wa Temeke kwenye gari la Bunju," na habari ya mtu huyo imeishia hapo.

Nenda steshenari yenye mashine nzuri ya kuskani, lipa, unganisha kila kitu katika faili moja, ulipe jina lako na jina la nafasi unayoomba. Kisha jitumie mwenyewe na ulifungue kwenye simu kabla hujalituma kwetu, kwa sababu nami mara nyingi nalifungulia kwenye simu.

Majina yana kisa chake. Cheti cha NECTA kinasema Mohamed, cha chuo Mohammed, kitambulisho cha NIDA Muhamed, na jina la babu limo kwenye kimoja tu. Mwaka 2017 serikali ilitangaza watumishi zaidi ya 9,900 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na tangu hapo macho yangu kwenye vyeti hayajawahi kupoa. Nikiona majina matatu tofauti sikuiti mwongo, lakini pia sina muda wa kukutafuta unieleze. Nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, uiambatishe, na kwenye CV uandike mstari mmoja wa kusema hivyo. Watu wanaona ni gharama. Ni gharama, ndiyo, lakini unailipa mara moja na inakufuata kila unapoomba.

Sasa CV yenyewe. Kuna CV moja inayozunguka steshenari zote za mji huu. Inaanza na lengo la kutaka "kuitumikia taasisi yenye maendeleo", inasema mwombaji anaweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu bila kusimamiwa, na inamalizia na kupenda kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Haina kosa lolote, ila haina mtu ndani yake.

Linganisha mistari hii miwili. Wa kwanza: "Nina uzoefu wa kazi ya ghala." Wa pili: "Nilipokea na kutoa kreti za soda kama 400 kwa siku, kila jioni nikihesabu na kulinganisha na leja, tofauti yoyote niliipeleka kwa msimamizi siku hiyo hiyo." Wa pili umenijibu swali la katoni 840 kabla sijauliza. Hauna neno gumu hata moja.

"Mimi sijawahi kuajiriwa, dada, niandike nini?" Andika ulichoshika. Uliwahi kuwa mwekahazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa? Kiandike, taja mlikuwa wanachama wangapi na mlikuwa mkigawana mara ngapi. Mtu aliyekabidhiwa sanduku la fedha za wenzake, na mgao ukaisha bila ugomvi, amefanya jambo ambalo wahitimu wengi wa chuo hawajalifanya. Ulikuwa unamsaidia mama dukani? Eleza ulivyokuwa unajua bidhaa imebaki kidogo. Ulikwenda mafunzo kwa vitendo, ile tunayoiita fildi? Usiandike jina la taasisi na miezi tu, andika kazi uliyopewa kila siku, hata kama ilikuwa kupanga mafaili.

Andika na mahali unapokaa. Ghala linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Nikiona mtu anakaa Kibaha au Kigamboni ndani ndani, naanza kuhesabu foleni. Sisemi ni haki, nakwambia kinachopita kichwani kwangu. Kama unakaa mbali, mstari mmoja kwenye barua unatosha: "Ninakaa Chanika, nina ndugu Vingunguti nitakayehamia kwake nikipata kazi," au "nina pikipiki". Basi, woga umekwisha.

Wenye digrii wanaoomba kazi ya kidato cha nne nao wana swali lao. Chuoni Mzumbe tulifundishwa hoja ya Michael Spence ya mwaka 1973, iliyomfikisha kwenye Nobeli ya uchumi mwaka 2001: cheti kinamwambia mwajiri jambo kuhusu mtu hata pale masomo yenyewe hayahusiani na kazi, kwa sababu kukipata kuna gharama, na gharama hiyo si sawa kwa kila mtu. Ni kweli. Lakini kwenye meza yangu digrii inaleta na woga wa pili: huyu ataondoka mwezi wa tatu. Usiifiche, maana siku tukiigundua tutajiuliza umeficha nini kingine. Eleza tu kwa nini kazi hii inakufaa sasa. Kijana mmoja mwenye digrii ya ugavi aliandika kwamba anataka kujua ghala kutoka sakafuni kwa sababu lengo lake ni kuwa meneja wa ghala, na anaomba miaka miwili. Tukampa.

Simu

Waliobaki nawapigia. Wengi hawajui kwamba hapo usaili umeshaanza. Napiga, napata yule dada wa mtandao kuniambia namba haipatikani. Napiga tena jioni. Kesho yake sipigi, naenda kwa anayefuata. Weka namba mbili, ya pili ikiwa ya mtu anayekaa na simu mkononi na atakayekufikishia ujumbe. Muito wa simu wenye kaswida, kwaya au bongofleva haunisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni mtu ninayemwambia natoka kampuni fulani kuhusu maombi yake, akaniuliza, "Kampuni gani hiyo tena?" Weka daftari: tarehe, kampuni, nafasi, mshahara kama ulitajwa. Na ukiwa kwenye kelele za Kariakoo sema wazi, "Samahani dada, nipo kwenye kelele, naomba nikupigie baada ya dakika tano." Sijawahi kumtoa mtu kwa kusema hivyo.

Koneksheni, tuzungumze bila kuzunguka

Ndiyo, ipo. Nikikudanganya kwamba haipo hutaamini mengine yote niliyoandika. Ipo ya aina mbili, na ni vizuri uzitenganishe.

Ya kwanza ni memo kutoka juu: "Huyu ni mtoto wa rafiki yangu, mpatie nafasi." Hiyo huiwezi, mimi nayo mara nyingi siiwezi, tusonge mbele.

Ya pili ndiyo kubwa zaidi na wengi hawaioni. Dereva wetu wa miaka mingi anakuja ofisini anasema, "Kuna kijana jirani yangu, anajua kuendesha na halewi." Maneno yale yana uzito kuliko vyeti vitatu kwa sababu yule dereva ameweka jina lake rehani. Kijana akiharibu, aibu ni yake kila asubuhi getini. Mwajiri mwenye woga hupenda sana kumwona mtu mwingine akibeba sehemu ya woga huo.

Na huhitaji mjomba ili kuipata. Makarani wetu kadhaa walianza kama vibarua wa kupakia, deiwaka wa kulipwa jioni. Mmoja alikuwa na tabia ya kuandika kwenye kipande cha boksi idadi ya katoni alizopakia kwenye kila gari. Siku moja dereva na karani wakabishana, kipande cha boksi kikamaliza ubishi. Nafasi ilipotokea, meneja wa ghala hakuniomba nitangaze, aliniomba namba ya yule kijana. Kwa hiyo kibarua cha wiki mbili kwenye kampuni unayoitaka usikidharau, na ukiwa pale usisubiri kuajiriwa ndipo uanze kufanya kazi kama aliyeajiriwa. Waambie pia watu unaofahamiana nao kidogo tu, wa msikitini, kanisani, kwenye timu ya mpira wa mtaa, kwamba unatafuta kazi, na uwaambie kazi gani. "Kazi yoyote" haimsaidii anayetaka kukusaidia. Akisikia nafasi ya keshia hatakukumbuka.

Mtihani wa vitendo

Hapa ndipo napapenda, na hapa ndipo CV ya steshenari inapokwisha nguvu. Kwa karani wa ghala hatumkalishi kwanza. Tunampeleka ndani, tunampa hati ya mzigo inayosema katoni 120 za sabuni, na tunamwonyesha paleti mbili. Kila paleti ina tabaka sita, kila tabaka katoni kumi. Tunamwambia: pokea mzigo huu.

Wengi wanasimama mbele, wanahesabu tabaka, wanazidisha, wanapata 120, wanasaini. Hesabu yao iko sawa kabisa. Lakini tabaka la juu la paleti ya pili lina tundu katikati, katoni mbili hazipo, na ukiwa umesimama mbele hulioni. Anayezunguka, akaomba kitu cha kupandia, akachungulia, anapata 118. Tumemaliza nusu. Sasa tunaangalia atafanya nini na hizo mbili. Kuna anayesema kwa sauti "mbili hazipo" kisha anasaini hati inayosema 120. Tunayemtaka ni yule anayeandika 118 juu ya hati, anaandika pungufu mbili, na anamwita dereva aliyeleta mzigo asaini pembeni ya marekebisho. Yule hata kama alikuja na viatu vya kuazima, nimeshamwona.

Kuna na jambo la tatu, la ziada: katoni moja chini imelowa. Anayeigusa na kuiuliza huwa nampa alama hata kama hesabu imempiga chenga.

Kwa dereva, gari tunalompa lina tairi moja la nyuma lililopungua upepo na halina pembetatu za tahadhari. Anayepanda moja kwa moja na kuwasha amejibu. Anayezunguka gari kwanza, akainama, akauliza, huyo hata barabarani namwamini. Leseni ya daraja E anayo kila aliyefika hapo, sicho kinachowatenganisha.

Muuzaji tunamtoa na msimamizi wake mtarajiwa, wanakwenda maduka mawili matatu ya Buguruni. Yale mambo ya "niuzie kalamu hii" sisi hatunayo. Tunataka kuona akifika kwa Mangi, mwenye duka, anasalimia vipi, anasubiri mteja ahudumiwe au anaingilia, na Mangi akianza kulalamika kwamba biskuti za mara ya mwisho zilivunjika, kijana anasikiliza au anabishana.

Unajiandaaje na kitu usichokijua? Jiulize kazi hiyo ikiharibika huharibikia wapi. Keshia: chenji, noti bandia, kufunga hesabu jioni. Mhasibu msaidizi: risiti isiyo na tarehe, VAT isiyolingana. Mpokea wageni: mteja mwenye hasira huku simu inalia. Fanya mazoezi ya hapo hapo. Na ukiwa kwenye mtihani usiogope kuuliza. Ghalani mtu asiyeuliza ndiye anayetugharimu.

Mahojiano

Jopo letu ni watu watatu: mimi, meneja wa idara, na mtu wa hesabu. Wote tunakutazama wewe mmoja, ila kila mmoja amekuja na wasiwasi wake. Meneja anajiuliza utaweza kazi. Wa hesabu anajiuliza utaiba. Mimi najiuliza utaelewana na watu waliopo, na kama utadumu. Ukijibu swali, tazama nani ameuliza.

Tunatumia fomu ya alama, maswali yale yale kwa kila mtu kwa mpangilio ule ule, na kila mmoja anaandika alama zake kabla hatujazungumza. Niliipigania fomu hiyo, kwa sababu bila karatasi jopo huwa linampenda mtu wa kwao, au aliyesoma shule moja na mmoja wetu, au aliyeingia kabla njaa ya mchana haijatukamata. Kama na wewe unaajiri, hata keshia mmoja wa duka lako la dawa, andika maswali yako kwanza.

"Tueleze kidogo habari zako." Tafadhali usianze ulipozaliwa. Dakika mbili: unafanya nini sasa, ulishika kazi gani inayofanana na hii, kwa nini upo hapa leo.

"Kwa nini uliacha kazi ya mwanzo?" Hapa watu wanajimaliza wenyewe. Bosi wako wa zamani huenda kweli alikuwa na roho mbaya, lakini mimi ninayekusikiliza najiona mimi ndiye nitakayefuata kusimuliwa. Sema ukweli mfupi: mkataba uliisha, mshahara ulichelewa miezi mitatu, nilimuuguza mama. Pengo la mwaka mmoja kwa ajili ya kuuguza halimshangazi mtu hapa nchini. Kinachoshangaza ni mtu kulificha kwa kubadilisha tarehe, halafu rekodi yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaonyesha vingine.

"Unataka mshahara kiasi gani?" Njoo umeshapiga hesabu, na ujue unataja ghafi, yaani kabla ya makato, au cha mkononi. Chukua mshahara ghafi wa shilingi 600,000 Tanzania Bara. NSSF asilimia 10 ni 60,000. Kodi kwa 540,000 iliyobaki ni 24,000. Unabaki na 516,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa, yaani 90,000, na mkononi inafika 426,000. Nimewaona vijana wakitaja laki sita kwa furaha, mwezi wa kwanza wakaja ofisini wakidhani wameibiwa. Upande wa pili, mwajiri naye anaongeza 60,000 yake ya NSSF, na juu ya hapo mfuko wa fidia na tozo ya mafunzo ya ufundi, kwa hiyo akisita kidogo usidhani ni ubahili mtupu. Taja kiwango cha chini na cha juu, sema ni ghafi, sema umekipataje: "Kwa kazi kama hii maeneo haya nimesikia ni kati ya hapa na hapa."

Wanawake bado wanaulizwa maswali yasiyofaa. Una mume? Una mpango wa kuzaa? Kifungu cha 7 cha sheria ile ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, kabila, dini, ulemavu, VVU na mengine, na kinamhesabu mwombaji wa kazi sawa na mfanyakazi. Una haki ya kukataa kujibu. Kama unaitaka kazi na hutaki vita pale mezani, jibu woga ulio nyuma ya swali: "Mambo ya nyumbani nimeyapanga, saa moja na nusu nitakuwa getini." Kisha amua mwenyewe kama unataka kufanya kazi na mtu anayeuliza hivyo.

Wadhamini

Mimi nawapigia kweli, wote. Waombaji wanaweka mchungaji, sheikh, diwani. Watu wa heshima, lakini nikimuuliza sheikh kama unafika kazini mapema ananiambia unafika msikitini mapema. Niwekee mtu aliyekuona ukifanya kazi: msimamizi wako wa fildi, karani mkuu wa pale ulipokuwa kibarua, mwenyekiti wa VICOBA. Na umpigie wewe kabla yangu. Ukimya wa "nani? hebu nikumbushe" ukipita kwenye simu, hauna dawa.

Ukiondoka kazini, hata kibarua, omba barua siku ile ile ungali unakumbukwa. Iseme ulifanya nini, kwa muda gani, na tabia yako. Watafiti Abel, Burger na Piraino walilipima jambo hili Afrika Kusini, wakachapisha mwaka 2020: maombi yaliyoambatishwa barua ya mwajiri wa zamani yaliitwa kwa asilimia 60 zaidi ya yasiyo nayo, na walionufaika hasa ni wanawake. Kwetu ni wachache sana wanaoambatisha. Ukiwa nayo, tayari umejitenga na rundo.

Kwa makeshia na madereva tunataka pia wadhamini wa dhamana, wenye barua ya serikali ya mtaa na nakala ya kitambulisho. Barua ile inachukua siku, mwenyekiti hapatikani, muhuri uko kwa mtendaji. Anza kuifuatilia mapema.

Serikalini

Kule woga ni wa mkaguzi, siyo wa katoni. Unaomba kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kinachotawala ni masharti ya tangazo, neno kwa neno. Hati za matokeo na matokeo ya muda hazipokelewi mahali pa cheti. Kuna usaili wa mchujo wa kuandika, kwa kada nyingine vitendo, kisha mahojiano. Aliyefaulu akakosa nafasi anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa baadaye, kwa hiyo taarifa zako kwenye akaunti ziwe za sasa. Hadithi ya kipande cha boksi kule haina pa kuandikwa.

Na kote kote, serikalini au kwetu: anayekuomba pesa ya fomu, ya usaili au ya kipimo cha afya kwa njia ya simu ni tapeli. Kata simu.

Baada ya usaili

Tukimaliza tunapanga namba moja, mbili na tatu. Namba moja mara nyingi hatumpati: amepata kwingine, au vyeti vyake vimegoma, au mdhamini amesema jambo. Ndipo tunampigia namba mbili, wakati mwingine wiki ya tatu, akiwa ameshakata tamaa na amebadilisha laini. Tuma ujumbe mfupi wa shukrani siku ile ile, uulize jibu linatarajiwa lini, na tarehe hiyo ikipita piga mara moja uulize. Mara moja inaonyesha unaitaka kazi. Mara tano kwa siku, simu yangu itakuwa na jina lako kwa sababu nyingine.

Ukipata, njoo na NIDA, namba ya NSSF kama unayo, namba ya TIN, akaunti ya benki na picha za pasipoti. Kabla hujasaini mkataba tafuta mambo matatu ndani yake: muda wa matazamio ni miezi mingapi, mshahara ulioandikwa ni ghafi kiasi gani, na upotevu ghalani unakatwaje. Hilo la tatu kama halimo, uliza hapo hapo, na uombe liandikwe.